Pikipiki Iliyotoka Molo Nzima Ikaanza Kukohoa Ahero

Swali: Habari yako, fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nina Honda CG125 ya zamani niliyoachiwa na mjomba. Miaka minne nikifundisha Molo haikunisumbua hata siku moja. Januari nilihamishiwa Ahero, na taabu ikaanza. Haiwaki bila choki, na hata ikishapata moto nikirudisha choki yote inakosa nguvu. Nikiiacha choki nusu, inakimbia vizuri. Nikiachilia akselereta inapiga fataki kwenye ekzosti, na mara nyingine mlio unabaki juu kwa muda kabla ya kushuka. Fundi wa hapa ameosha kabureta mara tatu, mwishowe akaniuzia mpya. Hiyo mpya nayo inafanya vile vile. Je, injini imekufa? Niiuze?

Jibu: Mwalimu, usiiuze kwanza. Umenipa dalili nne na jibu moja ndani yake, ila jibu lenyewe umelipitia haraka: kabureta mpya inafanya vile vile. Kabureta mbili tofauti haziwezi kuugua ugonjwa mmoja kwenye injini moja. Kama sufuria mbili zinaunguza ugali ule ule, angalia moto. Ningekuwa hapo Ahero ningeiacha kabureta kabisa kwa siku ya kwanza, nikakaa na boksi la hewa, lile lenye chujio, na zile raba zinazoliunganisha na injini.

Nianze na choki, kwa sababu ndiyo inayosema zaidi. Choki ya CG ni kibati kinachofunga mdomo wa kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Ukikifunga nusu, unapunguza hewa na kuongeza mvuto unaonyonya petroli kwenye jeti, yaani kile kipande cha shaba chenye kitundu kinachopitisha petroli. Injini inayopona kwa kufungiwa hewa ni injini iliyokuwa ikipata hewa kupita kiasi, au petroli pungufu. Sisi gereji tunasema mchanganyiko ni mkavu. Petroli huungua vizuri ikikutana na hewa iliyo nzito mara 14.7 kuliko yenyewe, yaani kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 za hewa. Hewa ikizidi hapo, moto unaungua polepole, nguvu inapungua na injini inapata joto. Mchanganyiko mwingine unakosa kuwaka kwenye silinda na kwenda kuwakia kwenye ekzosti ukiachilia akselereta. Ndizo fataki zako hizo.

Sasa swali ambalo naona hukuulizwa: kwa nini Molo haikufanya hivyo? Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ahero, kule kwenye mashamba ya mpunga, haifiki mita 1,200. Hewa ya juu ni nyepesi. Kabureta haina akili ya kupima uzito wa hewa, inachosikia ni kasi yake tu, kwa hiyo kwenye milima hewa inapungua uzito lakini petroli haipungui kwa kiwango hicho hicho. Matokeo yake, kila pikipiki ya kabureta inayokwenda Molo, Timboroa au Mau Summit hulewa petroli kidogo. Ukishuka Ahero, hewa inakuwa nzito kwa zaidi ya asilimia 10, hata ukihesabu joto la huko. Ile petroli ya ziada iliyokuwa ikifunika kasoro inakwisha.

Ndiyo sababu nadhani pikipiki yako ilikuwa imeshaanza kuvuja hewa ukiwa Molo, tena pengine kwa miaka. Mlima ulikuwa ukikufichia. Bonde la Nyando limefunua.

Hewa inaweza kuvujia pande mbili, na watu wengi huzichanganya. Upande wa kwanza ni nyuma ya kabureta: boksi la hewa, kifuniko chake, chujio, na ule mpira mnene unaotoka kwenye boksi hadi kwenye mdomo wa kabureta. Upande wa pili ni mbele, pale kabureta inapofungwa kwenye injini. Hewa inayovujia mbele haikupita kwenye kabureta kabisa, kwa hiyo haikubeba petroli hata tone. Uvujaji mdogo wa hapo, hata wa unene wa wembe, unatosha kufanya mlio ubaki juu usitake kushuka. Hewa inayovujia nyuma bado itapita kwenye kabureta, na hapo ndipo mafundi husema, basi ina shida gani?

Ina shida mbili. Kwanza, boksi la hewa si kopo tu la kuwekea chujio. Waliounda pikipiki walipima jeti zikiwa zinafanya kazi pamoja na mkazo wa boksi hilo. Boksi huzuia hewa kidogo, na kizuizi hicho husaidia kunyonya petroli kutoka kwenye bakuli la floti, lile linaloweka petroli chini ya kabureta, ambalo linapumua hewa ya nje. Toboa boksi, poteza sili ya kifuniko, au ng'oa kifuniko chenyewe kama wafanyavyo vijana wanaotaka mlio mzito, na mvuto kwenye jeti unashuka. Injini inapata hewa kwa wepesi na petroli kwa shida. Shida ya pili ni vumbi, na hiyo ndiyo inayoua injini.

Niliijifunza kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo hapa Nakuru nilifunga pikipiki ya mteja wa upande wa Gilgil bila sili ya boksi, kwa sababu ilikuwa imekatika na sikuwa na nyingine. Nilimwambia arudi wiki ijayo. Alirudi baada ya miezi kadhaa, moshi wa buluu ukitoka kama jiko la kuni mbichi. Tulipofungua, ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha na silinda imechanika mistari. Vumbi la upande ule, hasa karibu na Kariandusi kunakochimbwa daiatomaiti, ni silika tupu, mabaki ya viumbe vidogo vya ziwa la kale. Watu hutumia daiatomaiti hiyo hiyo kung'arishia vyuma. Nakuru yenyewe husemwa jina lake limetokana na neno la Kimaasai la vumbi, kwa hiyo nilikuwa nimeonywa hata na jina la mji. Gharama ya kuchonga silinda nililipa mimi.

Haya, tuingie kazini. Kabla ya kugusa skurubu yoyote, fanya jaribio la bure: endesha mpaka ianze kukosa nguvu, simama, fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mfyonzo, na pikipiki ikapona kwa kilomita kadhaa, basi tundu la kupumulia la kifuniko limeziba na petroli haishuki. Lisafishe, na huenda ukaishia hapo. Sidhani ndivyo ilivyo kwako, kwa sababu tanki lililoziba halifanyi mlio ubaki juu, lakini ni dakika mbili tu. Vile vile chomoa hosi ya petroli kwenye kabureta, uielekeze kwenye chupa, ufungue koki. Petroli itiririke bila kukatika. Ikidondoka tone tone, chujio la koki limejaa kutu ya tanki.

Kisha tafuta uvujaji wa mbele. Washa injini, iache ingurume kwa mlio wake wa chini. Chukua ile chupa ya kunyunyizia ambayo kinyozi hutumia, weka maji safi, unyunyize kidogo kidogo pale kabureta inapokutana na injini, ukiepuka kofia ya plagi. Mlio ukibadilika, ukishuka au ukikohoa, maji yamevutwa ndani na umepata tundu. Kuna mafundi wanaofanya jaribio hili kwa petroli kwenye sindano ya hospitali. Usikubali. Injini ni ya moto, plagi iko vidole vichache kutoka hapo, na nimeona suruali ikishika moto kwa njia hiyo.

Uvujaji wa nyuma hutafutwa usiku. Ndiyo, usiku. Fungua kifuniko cha boksi, toa chujio, weka simu yako ndani ikiwa imewasha tochi, kisha rudisha kifuniko na kuzima taa za nyumba. Popote utakapoona mwanga unapenya, kwenye ukingo wa kifuniko, kwenye mshono wa boksi, kwenye ufa wa mpira, hapo hewa na vumbi vinaingia. Utashangaa. Pikipiki za umri huu huwaka kama karabai iliyotoboka.

Jaribio la pili la nyuma ni la kitambaa cheupe. Ingiza kidole kilichozungushiwa kitambaa ndani ya ule mpira, upande wa baada ya chujio. Mahali hapo panapaswa kuwa safi kama ndani ya kikombe. Kitambaa kikirudi chekundu cha marram au kijivu, vumbi linapita pembeni mwa chujio, na hakuna kabureta utakayoinunua itakayobaki safi.

Sasa kufunga. Sili ya kifuniko cha boksi kwenye pikipiki hizi huoza na kuwa unga, na spea yake halisi ni nadra kuipata. Usihangaike. Nenda Kibuye pale Kisumu, kwa wauza mipira ya milango ya magari, utafute utepe wa sponji wenye seli zilizofungwa. Kuna sponji za aina mbili na kwa macho zinafanana: minya kipande ndani ya maji, ukiachilia kikinywa maji kama sponji ya kuoshea vyombo, kiache. Hicho kitanywa pia vumbi. Kinachotakiwa kinatoka majini kikavu ndani. Kwaruza ukingo wote mpaka plastiki ionekane, futa kwa kitambaa chenye sabuni, kausha, kisha bandika kwa gundi ya viatu, ile ya kupaka pande zote mbili na kusubiri ikauke kidogo kabla ya kukutanisha. Ncha mbili za utepe zikutane chini, na uzikate mshazari zilaliane, usiache mwanya.

Mshono wa boksi wenyewe, kama plastiki imepasuka, unaweza kuupaka silikoni kwa nje. Lakini silikoni isisogee karibu na kabureta, wala isipakwe mahali chujio linapotolewa na kurudishwa. Petroli huivimbisha silikoni ya kawaida, inameguka, na vipande vyake vinasafiri moja kwa moja hadi kwenye jeti. Nusu ya kabureta "zilizokufa" ninazoletewa zina silikoni nyekundu tumboni. Raba ya tyubu nayo, dawa yetu ya kila kitu, haivumilii petroli. Itumie kama bendeji ya kukufikisha nyumbani, basi.

Chujio lenyewe lazima likae kwa kubana ukingo mzima. Kama ni la sponji, lioshe kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, si petroli, kwa sababu petroli huyeyusha gundi inayolishika. Likauke kabisa kivulini, kisha limwagie oili ya gia au hata ya injini, ulikamue mpaka liache kudondosha. Sponji kavu haikamati vumbi laini, oili ndiyo inayokamata. Kama ni la karatasi, usilitie oili hata kidogo: ligonge polepole, lipulize kutoka ndani kwenda nje, na likishakuwa jeusi linunulie mwenzake. Kwa yote mawili, paka grisi nyembamba kwenye ukingo unaokaa kwenye boksi. Grisi hiyo inaziba na pia inakupelelezea: ukifungua baada ya mwezi ukakuta imetota mchanga mahali fulani, unajua pa kurudi.

Chini ya boksi kuna kijihosi kifupi kilichozibwa mwisho, cha kukusanya oili na maji. Wengi wamekipoteza na kuacha tundu. Kizibe tena. Ukikikuta kimejaa oili, oili ya injini imejazwa kupita kiasi, au ringi zimeanza kuchoka na zinapumua humo.

Mpira wa kuunganisha boksi na kabureta ukunje kwa vidole kila upande. Nyufa za mpira hufunga macho ukiwa umetulia, hufunguka ukikunjwa. Ukiwa mgumu kama soli lakini haujapasuka, utumbukize kwenye maji ya moto dakika kumi, utakubali kuingia mahali pake sawasawa. Ukiwa umepasuka, badilisha. Klampu yake ikaze mpaka mpira usizunguke, usiukate.

Mbele, kati ya kabureta na injini, kuna kipande kigumu cheusi cha kuzuia joto pamoja na oringi. Oringi zote ziwe mpya, za raba inayostahimili petroli. Mwuzaji mzuri atakuambia ni za naitraili. Kisha angalia uso wa kabureta. Mafundi wamekaza zile nati mbili kwa miaka thelathini, na aluminiamu imejipinda kama upinde: pembeni imebana, katikati ina mwanya. Weka msasa laini, namba 400, juu ya kioo cha dirisha, mwagia maji, sugua uso huo kwa mizunguko mpaka wote ung'ae sawa. Kaza nati kidogo huku, kidogo kule, kwa zamu. Hiyo peke yake imeponya zaidi ya nusu ya pikipiki zenye mlio unaobaki juu nilizozishika.

Baada ya hapo tu ndipo turudi kwenye kabureta, na ningependa urudishe ile ya zamani. Najua umeitolea pesa ile mpya. Lakini nimepima jeti za kabureta za kuiga zilizogongwa namba moja, na matundu yake hayalingani. Ya mjomba wako ilitengenezwa na watu waliokuwa wakipima. Ifungue, toa jeti zote mbili, na usizichokoe kwa waya wa chuma. Shaba ya njano ni laini, na waya ukilipanua tundu, namba iliyoandikwa inakuwa uongo. Wewe uko karibu na ziwa, kwa hiyo tumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, kisha pulizia hewa.

Ukiwa na jeti kubwa mkononi, soma namba yake na uilinganishe na kitabu cha pikipiki yako. Huwa inatokea kwamba fundi wa milimani aliweka jeti kubwa yenye tundu dogo ili pikipiki isilewe petroli kule juu. Kwa Molo alifanya vizuri. Kwa Ahero jeti hiyo ni njaa. Ukiikuta ni ndogo kuliko ya kitabu, rudisha ya kitabu. Dalili yake ni kukosa nguvu ukiwa umefungua akselereta karibu yote. Shida ikiwa katikati ya akselereta, ni sindano: ina mikato kadhaa ya kukaa kishikio chake, na ukikishusha kishikio mkato mmoja sindano inapanda na petroli inaongezeka. Ikiwa ni mlio wa chini na mwanzo wa kufungua, ni jeti ndogo na skurubu yake.

Skurubu hiyo irekebishwe injini ikiwa na moto, baada ya kuendesha dakika kumi hivi. Kama imekaa upande wa injini, inapima petroli, na kuifungua ni kuongeza petroli. Kama imekaa upande wa boksi, inapima hewa, na kuifungua ni kukausha. Ifunge polepole mpaka mlio udhoofike, ifungue mpaka ufike juu kabisa na kuanza kushuka, uiache pale juu, halafu punguza mlio kwa skurubu kubwa ya akselereta. Kabureta nyingi za aina hii hutulia kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu tangu ilipofungwa kabisa. Kama ni ile ya petroli na ikakulazimu kufungua mizunguko minne ndipo itulie, bado hewa inavuja mahali. Rudi kwenye chupa ya maji.

Plagi itakuthibitishia. Nyeupe kama chokaa ni hewa imezidi, kahawia hafifu ni sawa, nyeusi ya masizi ni petroli imezidi. Usitarajie ile rangi nzuri ya chai ya maziwa iliyo kwenye vitabu vya zamani. Vitabu hivyo viliandikwa enzi za petroli yenye madini ya risasi, ambayo nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006. Siku hizi rangi huwa hafifu zaidi. Petroli ya chupa za kando ya barabara nayo iepuke. Tangu 2018, serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, uchanganyaji ulipungua, lakini chupa haina risiti.

Kuhusu injini kufa: kama haitoi moshi wa buluu asubuhi wala ukipanda mlima, na oili haipungui kati ya huduma na huduma, iko hai. CG ilianza kuuzwa 1976 ikiwa imekusudiwa watu wasioweza kwenda gereji kila wiki, na inavumilia mengi, isipokuwa mchanga.

Na shule zikifungwa ukapanda Molo kusalimia wenzako, utaiona inatoa moshi mweusi kidogo na kuzubaa ukipita Londiani. Mtu atakuambia kabureta imeharibika tena. Mkatalie, usiguse kitu, ukishuka Muhoroni itanyooka yenyewe.